Mwanga wa asubuhi na homoni ya msongo: jinsi ya kuanza ukiwa Arusha au Moshi

Nauza dawa, na haipiti wiki bila mtu kuniuliza kaunta, "Una kidonge cha kushusha kotisoli?" Kwa kawaida ameona video kwenye simu kuhusu homoni hiyo ya msongo. Nikimwambia kidonge cha hivyo sina, yanafuata yale yale: nasikia ukiota jua la asubuhi inashuka, ni kweli? Nikae dakika ngapi? Nivue miwani? Na haya mawingu yetu ya Julai je? Nimeona niyaandike majibu yote mahali pamoja.

Kabla ya yote, ondoa dhana moja. Mwanga wa asubuhi hauji kuishusha kotisoli asubuhi ile. Mara nyingi unaipandisha kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Homoni hii inatengenezwa na tezi mbili zilizokaa juu ya figo, nayo ina ratiba yake. Huanza kupanda usiku ukielekea alfajiri, hufika kileleni kama nusu saa hadi dakika 45 baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu mchana kutwa mpaka ifike chini kabisa karibu na saa 6 usiku. Ndiyo inayokutoa kitandani. Kazi ya mwanga ni kuishikilia ratiba hiyo isipotee: juu asubuhi, chini usiku. Wengi wanaokuja dukani, ukiwasikiliza vizuri, wananieleza kinyume chake: asubuhi mwili mzito kama gunia la mahindi, saa 5 usiku macho makavu na mawazo yanakimbizana. Huyo hahitaji kidonge cha kushusha kitu. Anahitaji saa yake ya mwili irudishwe nyuma kidogo.

Nadharia nitakupa kiduchu tu. Mwanga huu unafanya kazi kupitia macho, si ngozi. Nyuma ya jicho kuna chembe maalumu ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha vitu bali kupima wingi wa mwanga, hasa ule wa samawati, na kuutaarifu ubongo kwamba kumekucha. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi, Frank Scheer na Ruud Buijs, waliwaweka watu kwenye mwanga wa luksi 800 (luksi ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa saa moja baada ya kuamka. Kotisoli yao ikapanda kwa theluthi hivi zaidi ya walipokaa gizani. Mwanga ule ule jioni haukuleta badiliko hilo. Tafiti nyingine zimetoa picha tofauti: mwaka 2010 watu waliokaa saa nyingi mfululizo kwenye mwanga mkali wa luksi 10,000 kotisoli yao ilishuka. Kwa hiyo mtu akikuahidi asilimia fulani ya msongo itakayoondoka kwa jua la dakika kumi, anakuuzia maneno. Ratiba ndiyo tunayoifanyia kazi hapa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Mahali unapoiona anga wazi. Uwanja, baraza isiyo na paa refu, kibarabara cha mtaani, vyote vinafaa.
- Sweta au shuka, hasa Arusha kuanzia Juni hadi Agosti. Baridi ndiyo inayowarudisha watu ndani, si uvivu.
- Saa, au simu. Kama simu yako inakubali, weka programu ya kupima mwanga kwa luksi. Haipimi kwa usahihi wa maabara, lakini inakuonyesha tofauti ya ndani na nje, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko macho yanavyokudanganya.
- Kofia yenye ukingo kama una ngozi inayoungua haraka.
- Daftari dogo na kalamu.

Hakuna cha kununua.

Nani amwone daktari kwanza

Kama una ugonjwa wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) au umefanyiwa upasuaji wa macho karibuni, muulize daktari wako wa macho. Kama umewahi kuambiwa una baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), zungumza na daktari wako wa akili, kwa sababu mwanga mwingi wa asubuhi unaweza kumsukuma mtu wa namna hiyo kwenye hali ya kupandwa na msisimko. Mnaotumia dawa ya doksisaiklini, pamoja na vijana wanaopeleka wageni mbugani na kuimeza kama kinga ya malaria, jueni kwamba inaifanya ngozi iungue kwa jua haraka.

Mwenye ualbino anaweza kuufuata mwongozo huu bila kuchomwa na jua moja kwa moja. Akae kivulini ambako anga inaonekana, avae mikono mirefu, kofia na miwani yake, na amalize mapema. Krimu ya kujikinga iitwayo Kilisun inatengenezwa hospitali ya KCMC hapa Moshi kwa ajili yake; aulizie kliniki ya ngozi. Asiivue miwani eti kwa sababu mwongozo umesema.

Hatua

1. Chagua saa moja ya kuamka na uishike wiki nzima, Jumapili ikiwemo. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu haina mvuto, lakini ukiamka saa 12 siku za kazi na saa 4 mwisho wa wiki, mwanga unaupa ubongo taarifa mbili zinazogombana. Saa ya mwili kwa watu wengi inazidi saa 24 kwa dakika kumi hivi, kwa hiyo ikiachwa yenyewe inachelewa kila siku. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha, na unairekebisha vizuri ukija wakati ule ule.

2. Jua linachomoza saa ngapi kwako? Kwetu huku tofauti ya mwaka mzima haifiki hata saa moja: mwanzoni mwa Novemba ni kama saa 12 na dakika 10, Februari na Julai ni kama saa 12 na dakika 40. Moshi inatangulia Arusha kwa dakika mbili tatu, si kitu. Usikimbilie kutoka dakika ile ile linapochomoza. Wakati huo mwanga bado ni luksi mia kadhaa tu. Tuko karibu na ikweta, jua linapanda wima na haraka. Ngoja dakika 20 au 30 na utakuta mwanga umefika maelfu. Kwa hiyo kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi ndipo pazuri pa kulenga karibu mwaka wote, na jua la wakati huo bado halijawa kali kwa ngozi.

Waliopo Ngaramtoni na kuelekea Oldonyo Sambu wana jambo lao: Juni na Julai jua linatokea nyuma ya bega la Mlima Meru, kwa hiyo kwenu linachelewa kuonekana. Msilisubiri. Anga ikishakuwa nyeupe mwanga upo, hata kama jua lenyewe halijapanda juu ya mlima.

3. Toka nje ndani ya saa moja tangu uamke. Nje kweli, mguu uwe nje ya mlango. Kioo cha dirisha kinapunguza mwanga, pazia linaumaliza, na ukirudi hatua tatu ndani ya chumba unabakiwa na luksi mia mbili tatu. Pima kwa simu uone: sebule yenye taa iliyowashwa mara nyingi haivuki 200, uwanja wenye mawingu una maelfu, na asubuhi ya jua wazi makumi ya maelfu.

Aliyeamka saa 11 kwa swala ya alfajiri akarudi kulala hajakosea kitu. Ahesabu saa yake ya kutoka kuanzia pale anapoamka mara ya pili.

4. Geuza uso upande wenye mwanga, lakini usilitazame jua. Hata sekunde chache, hata likiwa jekundu na linaonekana limepoa, usilikodolee. Jicho haliumi linapoharibika, na retina iliyoungua hairudi. Mjini Arusha na Moshi kuna njia rahisi: elekea mlimani. Meru iko kaskazini mwa jiji la Arusha na Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, iko kaskazini mwa Moshi, kwa hiyo ukiutazama mlima jua linakuwa mkono wako wa kulia na macho yanapata mwanga wa kutosha bila kuchomwa. Kwa wa Moshi kuna nyongeza: Kibo mara nyingi huonekana asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Ukitoka ukaukuta bado uko wazi, umetoka wakati mzuri.

Miwani ya kusomea na lenzi za kawaida acha zivaliwe. Miwani ya jua ivue kwa hizo dakika chache, kama huna sababu ya kiafya ya kuivaa.

5. Kaa muda unaolingana na anga. Makadirio ninayowapa watu ni haya: jua wazi dakika 10, mawingu mepesi dakika 20, mawingu mazito au manyunyu dakika 30. Wengi wanafanya kinyume, siku ya mawingu ndiyo wanakatisha. Kiangazi cha Januari Moshi huhitaji kushindana na mtu. Julai Arusha, ukungu ukiwa umeshuka mpaka Sakina, ndipo dakika zinapohitajika.

6. Zijaze dakika hizo kazi uliyokuwa uifanye hata hivyo. Fagia uwanja, piga mswaki nje, mwagilia mchicha, suuza ndoo, mpeleke mtoto kituo cha gari la shule. Ukishuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya chako ukatembea, umemaliza. Mama muuza maziwa anayetembea kutoka Tengeru na mtu wa bodaboda anayesubiri abiria kijiweni wanaupata mwanga huu kila siku bila kujua, na sijawahi kumkuta mmoja wao akiniulizia kotisoli. Wanaonijia ni wa maofisini, wa madukani, na wanafunzi wa chuo wanaokesha.

7. Chai au kahawa iendelee, tena inywe huko huko nje. Ila kafeini inayopitiliza saa 8 mchana inabaki mwilini mpaka usiku, na kahawa ya Kilimanjaro iliyopikwa vizuri haina utani. Ukiwa na tatizo la kulala, kikombe cha mwisho kiwe cha mchana.

8. Usiku fanya kinyume. Huwezi kuijulisha saa ya mwili kwamba kumekucha asubuhi, halafu saa 4 usiku ukaipigia taa nyeupe ya dari na simu usoni, ukategemea ielewe. Saa moja na nusu kabla ya kulala zima taa kubwa, baki na ndogo ya manjano, punguza mwanga wa simu. Kwa watu ninaowajua hatua hii ndiyo inayoshinda zote kwa ugumu, na ukiipuuza zile saba zilizotangulia zinafanya kazi nusu.

9. Andika mistari miwili kila siku: uliamka saa ngapi na ulitoka dakika ngapi, usingizi ulikuja saa ngapi. Baada ya wiki mbili angalia. Usingizi ukianza kuja mapema na kuamka kukiwa kwepesi, ratiba imerudi. Usitafute hisia ya "msongo umeisha". Kama kodi ya nyumba haijalipwa, mwanga hauilipi.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

Kuota jua macho yamefumbwa, mgongo ukiwa ndio umelielekea jua. Mgongo unapata joto, ubongo haupati taarifa. Anayetafuta vitamini D ana hesabu nyingine kabisa, ya ngozi na ya jua lililopanda juu.

Kutoka nje na kuinamia simu. Uso uko chini, umejikunja kivulini, na ujumbe wa kwanza wa kazini umeshakupandisha presha. Simu iache ndani, au iwe mfukoni.

Kudhani kiti cha dirishani kwenye gari lenye vioo vyeusi kinatosha. Hakitoshi, na helmeti yenye kioo cheusi vilevile.

Kuongeza dozi. Kama dakika 20 zimenifaa, basi saa mbili zitanifaa mara sita! Hapana. Ukishavuka saa 3 asubuhi jua letu linakuwa kali, na mwinuko wa Arusha, karibu mita 1,400, unalizidishia makali. Unachopata zaidi ni kuungua.

Kazi za usiku

Mlinzi, muuguzi wa zamu, dereva wa basi la usiku, usifuate hatua za juu kama zilivyo. Unayetoka kazini saa 1 asubuhi ukitaka kulala, mwanga wa njiani ni adui: unauambia mwili siku imeanza wakati wewe unaimaliza. Vaa miwani ya jua ukitoka getini (ukiwa unaendesha mwenyewe na unasinzia, usivae, usalama kwanza), nenda moja kwa moja nyumbani, funika dirisha kwa kitenge kizito au blanketi, lala. Ukiamka saa 8 au 9 mchana, hiyo ndiyo asubuhi yako: toka nje dakika 15. Na uingiapo zamu, saa za mwanzo kaa penye taa nyingi kadiri inavyowezekana.

Anayebadilishwa zamu kila baada ya siku mbili ana wakati mgumu, na mwanga hautamtatulia. Kama anaweza kumwomba msimamizi azipange zamu za usiku zifuatane, aombe.

Wapagazi na waongozaji wa Kilimanjaro wananiuliza kuhusu usiku wa kileleni, kwa sababu safari ya juu huanza karibu na saa 6 usiku na jua linawakuta ukingoni mwa kreta. Usiku mmoja wa namna hiyo hauharibu ratiba. Ukishuka, lala kidogo mchana, lakini kesho yake amka saa yako ya kawaida na uendelee. Kule juu macho yenu yanahitaji miwani nzito dhidi ya theluji. Msiivue kwa ajili ya mwongozo huu.

Ukikwama

"Nimeanza wiki hii, sioni chochote." Wiki ni mapema. Angalia daftari: je, saa ya kuamka imekaa mahali pamoja? Je, saa 5 usiku bado una simu mkononi? Tisa kati ya kumi jibu liko hapo.

"Nasinzia saa 2 usiku." Saa imerudi nyuma kupita ulivyotaka. Sogeza kutoka kwako nje kuelekea saa 2 asubuhi, na upate mwanga wa jioni kidogo, kabla jua halijatua.

"Naamka saa 10 alfajiri, giza bado." Usiwashe taa kubwa wala simu. Kaa gizani au kwenye taa hafifu, subiri kuche. Ukimpa mwili mwanga saa 10, kesho atakuamsha saa 10 tena.

"Nyumba ya kupanga, uwanja umejaa kamba za nguo na kuta ndefu." Tembea mpaka barabarani. Hata kwenye mitaa iliyobanana ya Unga Limited au Pasua, ukifika njia kuu unapata anga.

"Masika, mvua imeshika tangu usiku." Simama barazani ukielekea nje, ukaribie ukingo wa bati kadiri usivyolowa, dakika 30. Siku moja ikikosekana kabisa, iache, usiifidie kesho.

"Kichwa kinauma kila nikitoka." Kunywa maji kwanza, vaa kofia, kaa penye kivuli chenye anga. Kikiendelea, acha na ukapime macho na presha.

"Asubuhi moyo unakwenda mbio na mikono inatetemeka." Usijipe jibu la kotisoli. Inaweza kuwa sukari, tezi ya shingo, upungufu wa damu, au hofu. Ukapimwe.

Wakati wa kuacha mwongozo na kwenda hospitali

Kukosa usingizi kwa zaidi ya mwezi, uzito kushuka bila sababu, huzuni isiyoisha, au mawazo ya kujidhuru, hayo si ya kutibiwa na uwanja. La mwisho lisisubiri kesho: mwambie mtu wa karibu sasa hivi, mwende naye kituo chochote cha afya.

Kuna jambo jingine, na hili linanihusu mimi muuza dawa zaidi. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi, mikorogo ile inayouzwa kwenye vikopo visivyo na jina, zina steroidi kali (dawa zinazofanya kazi kama kotisoli) kama klobetazoli. Ukijipaka mwili mzima kwa miezi, inaingia kwenye damu na tezi zako za juu ya figo zinapumzika, zinaacha kutengeneza kotisoli yake. Uso unavimba kuwa wa duara, tumbo linakua, michirizi myekundu inatokea mapajani, na siku ukiacha ghafla unaishiwa nguvu kabisa. Hali ni hiyo hiyo kwa anayemeza prednisoloni, steroidi ya vidonge, muda mrefu. Usiache ghafla, ni hatari. Nenda kwa daktari akupunguzie kidogo kidogo.

Na akikuandikia kipimo cha kotisoli, damu hutolewa asubuhi, karibu na saa 2, kwa sababu namba ya asubuhi na ya jioni hazilingani. Mtajie kila unachotumia: krimu, dawa ya pumu ya kuvuta, sindano za magoti, vidonge vya uzazi wa mpango. Hivi vya mwisho vinaweza kuipandisha namba kwenye karatasi hata kama tezi zako ni nzima. Mwambie pia kama unafanya kazi usiku, ili asome majibu yako kwa saa yako.